Siku saba Pyrgi: kijiji cha mastiha katika kisiwa cha Chios

Swali: "Rafiki yetu aliyeolewa Ugiriki ametukaribisha tukae siku saba katika nyumba ya wakwe zake iliyoko Pyrgi, kijiji cha kusini mwa kisiwa cha Chios. Tutakuwa watatu: mimi, mume wangu, na mama mkwe mwenye umri wa miaka 68 ambaye magoti yanamsumbua. Sisi ni Waislamu na hatunywi pombe. Waliokwishafika Ugiriki wanatuambia tuiache Pyrgi twende visiwa vya Santorini au Mykonos, kwa kuwa kijijini hakuna cha kufanya. Tunaweza kusafiri katikati ya Agosti au mwanzoni mwa Septemba. Je, ni kweli hakuna cha kufanya? Na kama kipo, tupangeje?" (Msomaji, Tanga)

Dada yangu, hao waliokushauri hawakusema uongo mtupu. Pyrgi haina ufuo wake, maana imejengwa ndani kidogo, kati ya vilima. Haina kumbi za starehe za kukesha, na mtu akitafuta ile picha ya nyumba nyeupe zenye kuba za buluu zinazoning'inia juu ya bahari, hataipata huko. Walichosahau kukuambia ni kwamba Pyrgi ni kijiji kinachofanya kazi yake, na kazi hiyo haifanywi kwa kiasi cha kuuzwa duniani mahali pengine popote isipokuwa kusini mwa kisiwa hicho. Mgeni anayelala Pyrgi na kukimbilia fukweni kila asubuhi atachoka siku ya tatu. Anayeipanga likizo yake kwa kufuata kazi ya wenyeji ataona siku saba hazitoshi. Kwa sababu hiyo jibu langu kuhusu tarehe ni fupi: nendeni mwanzoni mwa Septemba, na sababu mtaiona hapa chini.

Kazi yenyewe ni kugema mastiha. Mastiha ni utomvu wa mti mfupi wa jamii ya mpistachio, wenye shina lililopindapinda na majani ya kijani kibichi mwaka mzima. Miti ya jamii hiyo huota katika pwani nyingi za Mediterania, lakini huko Chios kusini ndiko inakotoa utomvu unaoganda kuwa matone magumu yanayong'aa, ambayo Wagiriki huyaita machozi. Ukiuweka utomvu huo karibu na ubani tunaoufukiza majumbani kwetu, utaona kwa macho kuwa ni ndugu, ila mastiha hutafunwa zaidi kuliko kufukizwa. Jamaa zetu waliokaa Maskati au Dubai huenda wameshaionja bila kujua inakotoka, kwa sababu Waarabu huitia katika maji ya kunywa na vyakula vitamu kwa jina la mistaka.

Ratiba ya kazi haibadiliki sana mwaka hata mwaka. Mwanzoni mwa kiangazi wakulima hupalilia na kusawazisha ardhi chini ya kila mti mpaka iwe kama sakafu, kisha huinyunyizia unga mweupe wa chokaa ya mawe, ili tone likianguka likauke upesi na libaki safi. Kuanzia mwezi wa Julai huanza kuchanja: kwa kifaa chenye ncha kali hutiwa chale ndogondogo katika gome la shina na matawi makubwa, mara kwa mara kwa majuma kadhaa, na utomvu huchuruzika na kudondoka juu ya ule unga mweupe. Kukusanya huanza karibu katikati ya Agosti, na mkusanyo wa pili hufuata Septemba. Adui wa kazi hii ni mvua, kwa sababu mvua ya ghafla kabla ya kukusanya huharibu machozi yote yaliyotandazwa chini. Mti mmoja hutoa kwa kawaida kati ya gramu 100 na 200 tu kwa mwaka, na huhitaji miaka mitano au sita tangu kupandwa kabla ya kuanza kutoa chochote. Ndiyo maana moto mkubwa wa Agosti 2012, ulioteketeza sehemu kubwa ya mashamba ya mastiha, ulikuwa kwa familia nyingi msiba wa miaka mingi.

Sasa mtaona kwa nini nasema Septemba. Wakati huo miti inachanjwa bado, matone yanaokotwa, na magunia ya mastiha iliyochanganyika na vumbi na majani yanaanza kuingia majumbani. Kazi ya shambani hufanywa alfajiri kabla jua halijapanda, kwa hiyo anayetaka kuiona hana budi kuamka saa kumi na moja ya usiku kwa saa zetu. Mwombeni mwenyeji wenu, kabla hamjaondoka Tanga, awatafutie jamaa mwenye shamba atakayewachukua asubuhi moja. Watu wa Pyrgi hawashangai kuombwa hivyo, na zipo pia ziara za kulipia zinazoongozwa na wakulima wenyewe. Vaeni viatu vya kufunika vidole na nguo msizozionea huruma, maana utomvu ukigusa kitambaa hautoki kwa sabuni. Mume wako atachanja, wewe utaokota, na mama anaweza kukaa kwenye kiti chini ya kivuli akitazama. Miti ni mifupi na kila kitu hutendeka karibu na ardhi.

Kwa mama mkwe, hata hivyo, shamba si sehemu bora. Sehemu bora ni mlangoni. Baada ya mavuno, wanawake wa kijiji hukaa nje ya nyumba zao au ndani ya ua, wakiwa na nyungo na masinia mapajani, wakichekecha, wakipepeta, wakiosha na kusafisha kila chozi kwa ncha ya kisu kidogo. Usafishaji huo huendelea hadi majira ya baridi, kwa kuwa tone moja ni dogo na kisu hakina haraka. Mimi nimeshuhudia mgeni mzee asiyejua neno moja la Kigiriki akikaa nao saa mbili nzima, na mazungumzo yakaenda kwa mikono na vicheko. Mama aliyezoea kuchambua mchele barazani hatahitaji mkalimani. Afunzwe tu maneno mawili, "kalimera" kwa salamu ya asubuhi na "efharisto" kwa kushukuru, na amwite mwanamke wa makamo "kiria", ambalo ni neno la heshima. Jambo moja mumtahadharishe: Mgiriki anaposema hapana, mara nyingi huinua kichwa na nyusi kidogo na kutoa mlio mfupi wa ulimi. Kwetu mlio huo una ndugu anayeitwa msonyo, na mtu asiyejua anaweza kudhani ametukanwa ilhali ameambiwa tu kwamba mkate umekwisha.

Mtapewa mastiha mtafune. Msiiume kwa nguvu mara ya kwanza, kama nilivyofanya mimi, maana hupasuka ikawa unga mchungu unaoganda kwenye meno. Iacheni ilainike mdomoni taratibu. Baada ya dakika chache huwa nyeupe, laini, na uchungu hubadilika kuwa harufu inayofanana na ya msonobari.

Asubuhi nyingine iwekeni kwa Makumbusho ya Mastiha, yaliyofunguliwa mwaka 2016 nje kidogo ya kijiji, juu ya mteremko unaotazama mashamba. Hufungwa Jumanne, jambo ambalo wageni wengi huligundua wakiwa wameshafika mlangoni. Ndani mtaelezwa jinsi chama cha ushirika cha wakulima kilivyoanzishwa mwaka 1938 ili mastiha yote iuzwe kupitia mlango mmoja na bei isiangushwe na wachuuzi. Mtaona mitambo ya zamani ya kutengeneza peremende na ubani wa kutafuna. Na nje kuna sehemu ya kutembea kati ya miti yenyewe. Shirika la UNESCO liliuingiza ujuzi wa kulima mastiha wa Chios katika orodha yake ya urithi usioshikika mwaka 2014, na kwa maoni yangu makumbusho haya yanaeleza sababu vizuri kuliko kijitabu chochote cha watalii.

Baada ya kuielewa mastiha ndipo kijiji chenyewe kitaanza kusomeka. Wafanyabiashara wa Genoa, mji wa Italia, waliokitawala kisiwa kuanzia 1346 hadi 1566, walitajirika kwa utomvu huu, na waliijenga Pyrgi na vijiji jirani kwa namna ya ngome ili kuwalinda wakulima dhidi ya maharamia na pia, tusifiche, ili kuwalinda wakulima wasiuze mastiha kwa mlango wa nyuma. Nyumba za pembezoni ziliunganishwa ukuta kwa ukuta bila madirisha ya kutazama nje. Katikati uliwekwa mnara, ambao ndio ulioipa Pyrgi jina lake. Na mapaa yalikuwa bapa na yenye kupakana, hivyo mtu aliweza kukimbia kutoka nyumba hadi nyumba bila kukanyaga njia. Adhabu za wizi wa mastiha zilifika hadi kukatwa masikio au pua. Waosmani walipochukua utawala, hadi Wagiriki walipokitwaa kisiwa mwaka 1912, waliiona faida ileile, na vijiji hivi vilipewa nafasi ya pekee kwa sababu mastiha yake ilikwenda kwenye kasri ya Sultani. Ninyi mnaoujua Mji Mkongwe wa Unguja hamtapotea kirahisi katika vichochoro vya Pyrgi, ingawa hapa vichochoro vimefunikwa mara kwa mara na matao ya mawe yanayozishikilia nyumba zisianguke wakati wa tetemeko.

Kinachoitenga Pyrgi na vijiji vingine vyote vya Chios ni kuta zake. Karibu kila nyumba imepambwa kwa nakshi za pembetatu, duara, nyota na miraba, nyeusi kwa nyeupe, kuanzia chini hadi chini ya paa, na hata chini ya sakafu za roshani. Wenyeji huziita xysta, kutokana na kitenzi chao cha kukwangua, na jina hilo ni maelezo kamili ya kazi. Fundi hupiga lipu yenye mchanga mweusi, huipaka chokaa nyeupe juu yake, na kabla haijakauka huchora maumbo kwa bikari na rula, kisha huikwangua chokaa kwa uma mahali anapotaka weusi utokeze. Hapana rangi inayopakwa; rangi zote mbili zimo ndani ya ukuta. Mkimkuta fundi kazini, simameni mtazame, kwa sababu akishaanza hawezi kupumzika: chokaa ikikauka, kazi imeharibika. Picha za kuta pigeni asubuhi na mapema au jioni, jua linapopiga kwa ubavu, si adhuhuri. Mnamo vuli mtaona pia mashada ya nyanya ndogo yakining'inizwa kwenye roshani yakauke kwa ajili ya majira ya baridi, wekundu mbele ya nyeusi na nyeupe, na hilo hakulipanga mtu wa utalii.

Karibu na uwanja wa kijiji, kupitia upenyo chini ya tao, kuna kanisa dogo la zama za Bizanti la Mitume Watakatifu, ambalo kuta zake za ndani zilichorwa mwaka 1665. Ni kanisa linalotumika, kwa hiyo mabega na magoti yafunikwe, jambo ambalo ninyi hamna haja ya kuambiwa. Uwanjani hapo mtaoneshwa pia nyumba inayosemekana kuwa ya ukoo wa Christopher Columbus. Chukulieni kuwa hadithi. Lililo hakika ni kwamba katika barua yake ya 1493 Columbus aliwaahidi wafadhili wake mastiha kutoka nchi mpya, akisema kuwa hadi wakati huo ilikuwa ikipatikana Chios peke yake.

Kuanzia alasiri kijiji hulala. Kiangazi saa za utulivu ni kati ya saa tisa na saa kumi na moja na nusu kwa hesabu yetu, na kupiga kelele au kugonga mlango wa mtu wakati huo ni utovu wa adabu. Huo ndio wakati wenu wa bahari. Ufuo wa karibu wenye sifa ni Mavra Volia, kando ya kijiji cha Emporeios, mwendo mfupi kwa gari: hauna mchanga, una kokoto nyeusi laini zilizotokana na volkano ya kale, na bahari yake huwa na kina kirefu baada ya hatua chache tu. Chukueni viatu vya majini, kwa kuwa kokoto huunguza nyayo, wala msitie hata moja mfukoni, kwani imekatazwa. Kwa mama mkwe namshauri aende Komi, ambako kuna mchanga, maji yanateremka polepole, na migahawa imepangwa hatua chache kutoka majini. Vroulidia ina maji mazuri kuliko zote mbili, lakini hushukiwa kwa ngazi na kivuli chake ni kidogo. Mwanzoni mwa Septemba maji yangali na joto la kiangazi na wageni wameanza kupungua.

Vijiji vya jirani vinastahili siku moja, si zaidi. Armolia, ulio kwenye barabara ya mjini, hujulikana kwa wafinyanzi wake. Mesta ni ngome iliyohifadhiwa kuliko zote, ya mawe ya kijivu yasiyopambwa, na wengi huipenda kuliko Pyrgi. Mimi huiona nzuri lakini kimya mno, kama nyumba iliyokwishatandikwa kwa ajili ya wageni. Njia zake za mawe hazilingani, hivyo mama akae uwanjani kwenye kahawa nanyi mzunguke. Pango la Olympi, lenye nguzo za chokaa na ubaridi wa nyuzi 18 hivi, huteremkwa kwa ngazi nyingi, kwa hiyo ni la kwenu wawili tu. Siku nyingine iwe ya Nea Moni, monasteri ya karne ya 11 iliyo milimani katikati ya kisiwa, yenye picha za vijiwe vya rangi juu ya dhahabu, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 1990. Hufungwa mchana kati, kwa hiyo fikeni asubuhi. Katika chumba kidogo karibu na lango mtakuta kabati la mifupa ya watu waliouawa na Waosmani mwaka 1822, na mama aambiwe mapema ili achague kuingia au kutoingia.

Kuhusu chakula, mtakula vizuri bila kubahatisha mkijua neno "hirino", yaani nyama ya nguruwe, na mkiuliza kila mara kuhusu nyama ya kusaga, ambayo mara nyingi huchanganywa. Nyama ya halali msiitarajie kijijini. Lakini Waorthodoksi wana siku nyingi za kufunga bila nyama wala maziwa, na kutokana na hilo mapishi ya mboga na nafaka ni mengi mno: maandazi ya nyanya yaliyokaangwa, vibibi vya dengu kubwa, biringanya, maharage ya kuokwa, na samaki wa siku hiyo. Waombeni wenyeji wawaonyeshe tambi za mkono zinazoviringishwa kwenye kijiti chembamba, ambazo kina mama wa vijiji hivi bado hutengeneza. Mvinyo, ouzo, souma ya tini na kileo cha mastiha mtakaribishwa kila mahali, na kukataa kwa mkono juu ya kifua hakumuudhi mtu. Badala yake agizeni kile wanachokiita "nyambizi": kijiko cha mastiha tamu nyeupe kilichozamishwa katika glasi ya maji ya baridi, ambacho hulambwa polepole na maji hunywewa baadaye.

Kama mngechagua Agosti, tarehe 15 mngeikuta sikukuu ya Kulala kwa Bikira Maria, na ngoma ya Pyrgi yenyewe ikichezwa uwanjani hadi usiku. Ni usiku mmoja wa kupendeza ndani ya wiki ya joto kali, vyumba vilivyojaa na barabara zilizosongamana.

Kuhusu safari yenyewe, kutoka Athens kuna ndege inayofika Chios chini ya saa moja, au meli ya usiku kutoka Piraeus, bandari ya Athens, inayochukua saa nane hivi. Kutoka mji wa Chios hadi Pyrgi ni kilomita 25 hivi. Mabasi yapo, ila ni machache na mwisho wa wiki hupungua zaidi, kwa hiyo kodini gari kwa angalau siku tatu. Mume wako achukue leseni ya kimataifa kabla ya kuondoka, na akumbuke kwamba huko huendeshwa upande wa kulia. Mwulizeni pia mwenyeji kama nyumba ina kitanda ghorofa ya chini, maana nyumba za kale za Pyrgi ziliweka mifugo na ghala chini na familia juu, na ngazi zake ni za wima.

Pasipoti ya Tanzania inahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Ugiriki ikiwemo. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasipungue siku 15, ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari isiwe chini ya euro 30,000. Katika mwaliko wa rafiki yenu anuani ya Pyrgi iandikwe wazi. Halafu kuna mtego ambao nimeona umewanasa wageni: Uturuki inaonekana ng'ambo ya mlango wa bahari, na boti ya kwenda Çeşme huchukua chini ya saa moja, kiasi kwamba watu huamka asubuhi wakaamua kwenda kununua vitambaa. Mkifanya hivyo mtakuwa mmetoka katika eneo la Schengen, na viza yenu ikiwa ni ya kuingia mara moja, hamtaruhusiwa kurudi Pyrgi kuchukua hata mabegi. Ama ombeni viza ya kuingia mara nyingi, ama itazameni Çeşme kwa mbali.

Mastiha ya kurudi nayo nunueni ya matone makubwa kwa kutafuna na ya madogo kwa kupikia, ambayo ni nafuu. Katika joto la Tanga matone yatashikamana yakawa bonge moja, kwa hiyo yawekeni kwenye friji, na mnapotaka kuyatia katika kahawa au maziwa, yatwangeni yakiwa baridi pamoja na sukari kidogo, la sivyo yataganda kwenye kinu na mtu wa kukikwangua itabidi atafutwe.